Ufizi wa Mwanangu Haukatwi

Mwanangu alitimiza miaka miwili akiwa na meno mawili tu, yamechongoka kama ncha za misumari. Shangazi yangu, ambaye ndiye mama mkwe wangu pia, akaamua kuwa mengine yamenasa chini ya ufizi. Dawa alikuwa nayo: aitwe bibi wa kukata, aupasue kwa wembe, meno yapate njia.

Nikambeba mtoto hadi hospitali, Malindi mjini. Daktari wa meno akampiga picha ya taya, akaniuliza, "Wewe na baba yake mna undugu?"

"Ni binamu yangu. Mamake ni dada wa baba."

Akasema meno hayakunasa. Hayapo. Huenda mimi na mume wangu tumerithi kasoro moja kwa wazee wetu wale wale, mtoto akaipata pande zote mbili. Alisema huenda tu, kwani hata wasio ndugu huzaa hivi. Lakini mtu asithubutu kukata. Akikua kidogo atawekewa meno ya bandia.

Niliporudi nyumbani nikawaeleza shangazi na mume wangu. Shangazi akapiga makofi.

"Ati damu! Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa watoto wa ndugu, na huyo mumeo anatafuna mpaka mifupa!"

"Shangazi, hamna meno mle ndani."

"Huyo daktari amelea wangapi?"

Mke mwengine akionewa hufunga nguo zake akaenda kwao. Mimi kwetu ndiko kwao mume wangu. Nilimpigia baba simu, akanijibu, "Msikilize dada yangu." Mume wangu akasema tusimuudhi mama. Ukoo mzima ni wangu, na hakuna hata mmoja wa upande wangu.

Bibi wa kukata alikuja Ijumaa, baada ya swala. Akatandika kanga barazani, akautoa wembe kwenye karatasi yake. Shangazi akanyoosha mikono.

"Nipe mjukuu wangu."

"Sikupi."

"Nimesema nipe!"

"Mkitaka kukata anzeni na mimi. Damu yangu ni hiyo hiyo!"

Nilipiga ukelele mpaka majirani wakajaa mlangoni. Bibi akaurudisha wembe. "Mimi siingii vita vya ndugu," akasema, akaondoka hata chai hakunywa.

Shangazi anasema nimemvua nguo mbele za watu. Na avuliwe. Asubuhi nampita jikoni, mtoto kiunoni, hata shikamoo simpi. Baba anasema sina adabu. Naam, sina. Ufizi wa mwanangu ni mzima.