Hukuuliza Kama Wanaliwa

Mzee Nyundo hakupewa jina hilo kwa ukali. Kazi yake ilikuwa kugonga nguzo za umeme. Anagonga mara tatu pale chini, anatega sikio. Nguzo nzima inajibu, iliyooza inanyamaza. Ikinyamaza anaipaka rangi nyekundu, wenzake wanakuja kuing'oa. Miaka ishirini na tisa alisikiliza miti iliyokufa, na hakukosea zaidi ya mara mbili.

Kila mwaka, mafuriko yakipungua na barabara ikianza kupitika, alipelekwa siku tatu kukagua laini inayofuata mto. Safari hiyo aliipenda kuliko zote, kwa sababu ya ndoano. Alfajiri, kabla ya kazi, alivua kambare mmoja au wawili, akawapaka chumvi, akampelekea mkewe. Mkewe alikuwa mtu wa maneno. "Wewe umeoa mto, mimi nimeletwa niwapikie," alikuwa akisema, na huku ameshaanza kunyonya kichwa cha samaki. Kichwa hakumpa mtu.

Mwaka huo mkewe alikuwa kitandani. Ugonjwa ulikuwa tumboni, na hospitali walishasema arudishwe nyumbani. Siku tisa alikunywa uji vijiko viwili, vitatu, basi. Mzee Nyundo alitaka kuomba ruhusa asisafiri. Mkewe akakataa.

"Nenda. Hapa unanitolea macho tu kama fundi saa. Niletee kambare."

"Utakula?"

"Wewe lete. Nitakula."

Neno hilo alitoka nalo nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Alfajiri ya kwanza alikwenda pale pake pa siku zote, chini ya nguzo ya arobaini na moja. Hapakuwa na pale. Mafuriko yalikuwa yamehamisha mto. Palipokuwa na kina pamebaki mchanga, na nguzo yenyewe imeinama kama mlevi. Akafuata kingo mpaka jua likachomoza. Akatupa ndoano huku, akatupa kule. Chambo kikarudi kama kilivyokwenda.

Alfajiri ya pili, vilevile.

Jioni yake akaenda kwenye kibanda cha chai wanapokaa wavuvi. Mahali pa kuvulia ni kama mswaki, hapaazimwi, na yeye alilijua hilo. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama.

"Jamani, mwaka huu samaki wamehamia wapi?"

Wakatazamana. Mmoja wao, waliyemwita Kibogoyo kwa kukosa meno ya mbele, akasogeza kikombe chake.

"Wewe si yule anayezipigia nguzo hodi?"

"Ndiye mimi."

"Zimekukaribisha?"

Wakacheka. Dereva wa gari lao la kazi alikuwa amekaa nao tangu saa kumi, akacheka kuliko wote. Mzee Nyundo naye akacheka kidogo. Mwombaji hachagui kicheko.

"Nina mgonjwa nyumbani," akasema. "Mke wangu. Hali kitu. Kaniagiza kambare."

Wangeweza kuishia hapo. Kibogoyo hakuishia.

"Basi kwa ajili ya shemeji nitakuelekeza. Shuka na mto, ukipita daraja la chuma utaona ukingo umemeguka, udongo mwekundu, mpya. Chini yake pana shimo. Hakuna mtu atakayekusumbua."

"Pale wanakula kweli?"

Ndivyo wavuvi wanavyosema. Samaki akishika ndoano, amekula.

"Wanakula!" Kibogoyo akajipiga goti. "Mzee wangu, pale wanakula kila kitu. Hawachagui mkubwa wala mdogo."

Mtu mmoja akainuka akatoka nje, mabega yanamtikisika. Mzee Nyundo akaushika mkono wa Kibogoyo kwa mikono yake miwili, akamshukuru.

Alfajiri ya tatu ndoano haikufika chini. Kambare wa kwanza alikuwa mnene kama paja la mtoto. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akamrudisha majini, asije akaonekana mlafi. Akawapasua palepale. Matumbo yalikuwa yamejaa. Hakuangalia yamejaa nini, akayatupa. Akawapaka chumvi, akawafunga kwenye gunia lililolowa. Siku hiyo aligonga nguzo huku anapiga mluzi.

Mchana wakaanza safari ya kurudi. Dereva alijikaza mpaka mabati ya mji yakaanza kuonekana.

"Mzee, hao samaki mtawala kweli?"

"Kwa nini tusile?"

"Juu ya ule ukingo palikuwa na makaburi. Mafuriko yamebeba nusu. Majeneza na wenyewe waliokuwemo. Wote wako kwenye lile shimo. Wenyeji hawatii ndoano pale tangu siku hiyo."

Maneno yalimfikia moja moja.

"Ulijua tangu jana?"

"Tulijua wote." Dereva akashindwa kujizuia, kicheko kikampasuka. "Sasa mzee, uliuliza kama wanakula. Hukuuliza kama wanaliwa!"

Gunia lilikuwa mapajani, maji yanamchuruzikia suruali. Alifikiria kulitupa dirishani. Alifikiria kununua wengine sokoni. Lakini samaki wa barafu mkewe alimjua kwa harufu, hata akiwa chumba cha pili. Akashuka na gunia lake.

Binti yao alimpokea mlangoni. "Baba, tangu asubuhi anauliza kama gari limefika. Kaniambia nimchane nywele." Akalichukua gunia, akaenda jikoni. Mzee Nyundo alifungua mdomo. Sufuria ikagonga jiko. Akaufunga.

Mkewe alikula.

Alikula ameegemea mito miwili, kipande baada ya kipande, akilamba vidole. "Mto wako mwaka huu una neema," akasema. Binti akageukia ukuta, akafuta machozi kwa kanga. Kisha mkewe akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka thelathini na moja ya ndoa yao. Akachukua kichwa, akamnyooshea mumewe.

"Kula na wewe, baba. Umekonda."

Akakipokea. Akakifikisha mdomoni. Taya zikagoma.

"Una nini?"

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi, mtu katoka safari?"

Angesema jino linamuuma. Angesema lolote. Lakini kumdanganya mwanamke yule hakuwahi kujifunza. Akamwambia. Ukingo, makaburi, shimo. Hayakuwa maneno mengi.

Mkewe akafuta vidole kwenye shuka, kimoja kimoja.

"Mimi nimeshakula," akasema. "Ungekula na wewe, tungekuwa wawili."

Akaomba beseni la kutapikia.

Uji wa jioni hakuugusa, wala wa kesho yake. Binti alipoleta kijiko alifumba mdomo kama mtoto. Mumewe alipokileta yeye, alifumba na macho.

Siku ya nne alimwita binti yake asogee.

"Mwambie baba yako," akasema, "wasinizike karibu na maji."

Mzee Nyundo alikuwa amekaa palepale, miguuni pa kitanda.