Mkono wa Kulia wa Mama Wakesho

Siku yangu ya kwanza kazini kama dresa, yaani mfunga vidonda, katika hospitali ya Voi, miaka ya hamsini, Sista wa wadi alinionyesha kidonda kifuani mwa Mama Wakesho wa Werugha, akaniuliza naona nini. Nikasema kidonda kipya. Akaniambia kina miaka.

Sikilizeni vizuri, nyinyi wenye haraka. Mama huyo alitibiwa saratani ya titi kwa mionzi, akapona. Lakini mionzi iliendelea kuharibu polepole. Ngozi ikawa ngumu, mishipa midogo ya damu ikafa, mwishowe pakapasuka. Kwao walidhani saratani imerudi, wakaanza kumlilia angali hai. Iliniuma sana.

Daktari wa upasuaji, mzungu asiyecheka, alikata sehemu yote mbovu akabandika ngozi nyembamba ya paja. Ikakauka, ikabanduka, kwa kuwa pale hapakuwa na damu ya kuilisha. Mara ya pili alifungua ngozi nene ya ndani ya mkono wa kulia, pamoja na mafuta yake, akaishona kifuani bila kuitenga na mkono. Mkono ungeilisha mpaka kifua kiipokee. Ule wa kushoto ulikuwa umevimba tangu matibabu, haukufaa. Tukaufunga wa kulia kwa plasta ngumu.

"Dresa," Daktari akaniambia, "huu mkono ukivutika, sina ngozi nyingine ya kumpa."

Jumapili akaja mama mkwe wake. Jamani! Kwetu milimani mkwe hakupewa mkono wa kushoto, wala hakusalimiwa na mtu aliyelala. Mama Wakesho akaanza kujiinua, bega likivuta plasta. Nikamkandamiza kitandani, mtu wa rika la mama yangu.

"Niache," akaninong'oneza. "Huyu ni mkwe wangu."

Nikamweleza yule bibi kwa Kidawida, lugha yetu, kwamba mkono ule ndio unaolisha kifua. Akainama, akashika vidole vilivyochomoza kwenye plasta.

"Lala, mwanangu. Mimi ndiye niliyekusalimu."

Majuma yalipopita Daktari akautenga mkono. Niliigusa ile ngozi kifuani, ina joto. Nikaidunga sindano, ikatoa damu nyekundu. Sista aligeukia dirishani akafuta macho.

Mkwe alikuwa amefariki juma lililotangulia. Niliogopa kumwambia Mama Wakesho, lakini habari ilikuwa imeshamfikia. Aliutazama mkono wake ulio huru, wenye kovu.

"Tulishasalimiana," akasema.

Nilihudumu kwingi hadi nikastaafu, na dawa zimebadilika. Wagonjwa wangu wengi nimewasahau. Wale wakwe wawili bado nawaona.