Mchanga Kilo Kumi na Mbili Mgongoni

Kabla ya kuumia nilikuwa karani wa ghala la ushirika, Mtaa wa Msimbazi, na mtu wa nne katika timu yetu ya mbio ndefu yenye watu wanne. Kila alfajiri nilikimbia kutoka Mchafukoge hadi Posta na kurudi, nikaandika muda wangu daftarini.

Kisha akaja Mbaruku, mchukuzi kutoka Mtwara. Kutwa alibeba magunia ya mchele. Jioni moja alijaribu kukimbia nasi, akiwa pekupeku, akanipita. Mwenyekiti wa michezo akacheka. "Karani, nafasi yako imepata mwenyewe. Mwezi ujao mtashindania."

Niliichukia miguu ile. Nikaamua kwamba siri yake ni gunia. Nikashona mfuko wa turubai wenye kanda mbili, nikatia mchanga, nikaupima kwenye mizani ya ghala: kilo tatu. Kila siku niliongeza kilo moja, nikakimbia nao. Sikupumzika hata Jumapili.

"Baba Asha, unashindana na mtu au na gunia?" mke wangu aliuliza. Nilijitwika mfuko, nikatoka.

Siku ya tano ugoko wa kulia ulianza kuuma. Nikipata joto, maumivu yalipoa. Siku ya nane hayakupoa tena. Palikuwa na mahali padogo mfupani, nikipabonyeza machozi yananitoka. Nilipaka dawa ya kuchua, nikaongeza kilo. Siku ya kumi, karibu na Mnazi Mmoja, nilisikia mlio mdogo mguuni, nikaanguka.

Aliyenikuta ni Mbaruku, akienda kazini. Akaufungua mfuko.

"Unajenga?"

"Ni wa mazoezi. Nakimbia nao."

"Haa! Bwana karani, mwenzio nalipwa kubeba!"

Akanipandisha mgongoni kunipeleka hospitali. Hatua zake zilikuwa fupi, magoti yamelegea kidogo. Maumivu yalinizidi, nikamwomba akimbie.

"Na mzigo? Sijawahi kukimbia na mzigo tangu nianze kazi hii. Nikivunjika, nani atanilisha?"

"Na Jumapili?"

"Ghala si limefungwa? Nalala."

Kumbe siku zote nilitazama gunia, sikumtazama mbebaji. Nikasikiliza pumzi zake. Zilikuwa tulivu. Hata pale nilimwonea wivu.

Daktari alinionyesha picha. "Mfupa umepata ufa. Umekuonya siku tano nzima, ndugu." Nikafungwa plasta wiki sita. Mbio nilizitazama nikiwa na magongo. Mbaruku alimaliza wa tatu. Mimi nilipiga makofi wengine walipokwisha kunyamaza.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba, unanuka. Nilitembea mwezi mzima bila mzigo. Kisha nikabeba kilo mbili, nikitembea tu, mfuko umebana juu ya mgongo, na siku iliyofuata napumzika. Kukimbia nilikimbia bila mfuko. Wewe unayetaka kubeba uzito, anza hivyo. Na mfupa ukiuma mahali pamoja ukipabonyeza, acha siku hiyohiyo, umwone daktari.

Namshukuru Mungu, daktari, na mama Asha aliyeniogesha bila kunisimanga. Mbaruku nilichelewa kumshukuru. Nilimwambia asante msimu uliofuata, nilipoirudia nafasi ya nne. Yeye ndiye wa kwanza sasa. Kila alfajiri mgongo ule uko mbele yangu. Mguu umepona. Wivu bado ninao, ila sikimbii nao tena.