Bata wa Falonne Nilimkausha Mimi

Mnacheka? Chekeni tu. Bata wa mke wangu Falonne nilimkausha mimi Sadrack, kwa mikono yangu, nikidhani namsaidia.

Falonne ni mvuvi, binti wa kijiji cha Yanonge. Nyumba yetu iko Kisangani, lakini siku nyingi tuko kwenye ziwa dogo nyuma ya mto, upande wa kwao. Mimi naangalia nyavu, yeye anaangalia ndege. Miaka tisa anaandika kwenye kayee, daftari ya shule: ndege gani, wangapi, tarehe gani. Watu wanasema amekosa kazi ya kufanya. Hata mimi nimewahi kusema hivyo.

Mwaka jana akaona bata mgeni kwake: mwili kahawia ya kuiva, kichwa cheusi, begani bluu kama sketi ya shule. Akapanda mtumbwi wa mota hadi mjini, kwa profesa wa ndege, Mama Angèle. Profesa akafungua kitabu cha picha, na Falonne akaweka kidole juu ya bata yule bila kusita. Bon, lakini bata huyo hajaandikwa hata mara moja kwenye ziwa letu.

"Maneno peke yake haitoshi, mama," profesa akamwambia. "Lete picha, ao ndege yenyewe."

Simu yetu ilikuwa ya tochi, bila kamera. Falonne alirudi, chakula hakishuki. Alitaka kuaminiwa, mara moja tu maishani. Nilijua, nakula naye sahani moja.

Basi nikatega wavu bila kumwambia. Ijumaa nikampata bata, ameshakufa majini. Profesa anapatikana Jumatatu, na joto lile! Kwetu kitu cha kupeleka mjini kinapitia kwenye moshi, samaki ao nyama. Nikamnyonyoa, nikampasua, nikamkausha vizuri mpaka nikajisifu.

Falonne alipofunua kitunga nilichomweka bata, akakifunika tena. Heri angenipiga. Tukampeleka hivyohivyo. Mama Angèle akamgeuza-geuza yule mkavu mweusi, akasema kwa upole kwamba bila manyoya hawezi kuandika kitu.

Nikabadilisha baiskeli yangu kwa simu ya kamera, nikampa, nikaomba msamaha. Akasema yameisha. Mimi mjinga nikafurahi.

Mwezi wa pili, asubuhi, yeye amekaa mbele ya mtumbwi, mimi nyuma na kafi. Karibu na majani, wazi kabisa, bata: kahawia, bluu ile. Simu iko mkononi mwa Falonne. Hakuinyanyua.

Sisi tunaitana kwa jina la binti yetu. "Mama Emilie," nikanong'ona, "si ni ile bata yako?"

Hakugeuka. "Sioni kitu, Papa Emilie. Piga kafi, twende."

Nikapiga kafi. Bata alibaki palepale, hata mtoto angemwona. Nikaelewa. Mke wangu ameacha kutafuta kuaminiwa, kwa sababu haniamini mimi: anaogopa akisema ndiye, nitamtegea wavu tena. Iliniuma, siwadanganyi, na mpaka leo sijamuuliza.