Jiwe la Nyota Chini ya Kitanda

Niliporudi Kabambare baada ya miaka mingi ya kuzurura, nikifuata harufu ya mawese ya utotoni, kaka yangu mkubwa, yaya kwa lugha ya kwetu, alinipokea kwa jiwe. Lilikuwa jeusi, ukubwa wa ngumi, zito ajabu. Alilipata mtoni akichimba kasiteriti, mawe ya bati, akaamua ni iraniamu, madini ya nyuklia. Alilificha chini ya kitanda akingoja mnunuzi kutoka Ulaya, kana kwamba Wazungu hupita kwetu kila Jumanne kuinama chini ya vitanda vya watu. Juu ya kitanda hicho alilala mke wake, mwenye mimba ya miezi saba.

Ushahidi wake? Simu ikiwekwa kando ya jiwe, chaji inaisha. Simu ile ingeisha chaji hata kando ya muhogo.

Nikamweleza niliyofundishwa sekondari mjini Kasongo: iraniamu haikuzaliwa hapa. Nyota zilizokufa ziligongana huko mbali kabla dunia haijakuwepo, zikaitupa angani, ikachanganyika na vumbi lililofanya udongo wetu. Tangu hapo inavunjika polepole, ikitoa mionzi inayodhuru mwili.

“Tangu dunia ianze, nusu imeisha,” nikasema ili aogope.

“Nusu?” Akasimama. “Nani aliiba?”

“Hakuna mutu, yaya. Inaisha yenyewe.”

“Yenyewe! Hata mawese yangu inaisha yenyewe tangu weye ulifika.”

Akalizungushia jiwe kitambaa, akalishindilia ndani ya godoro lisizidi kupungua. Hiyo ndiyo faida ya masomo yangu.

Shemeji alikuwa akitwanga mihogo mlangoni.

“Shemeji, ile mionzi inapita godoro?” akaniuliza.

“Kama ni iraniamu kweli, ingine inapita.”

Akamaliza kutwanga, akafunga nguo zake, akavuka kijito kwenda kwa mama yake.

Kwetu mke akirudi kwao, mume humfuata na kuku, huketi mkekani mbele ya mama mkwe na kutaja kosa kwa mdomo wake mwenyewe. Kaka alijifanya jabali siku nne, akila mihogo aliyoiunguza. Ya tano tulikwenda na kuku wetu.

“Sema kosa,” mama mkwe akaamuru.

“Mama, nilimulalisha mutoto wako juu ya kipande ya nyota.”

Wanawake waliokuwa uani wakacheka hadi kuku akapiga kelele.

“Na ile nyota iko wapi?” mama mkwe akauliza.

Kaka akashika mfuko. Ilikuwa ndani ya koti lake. Aliogopa akiiacha nyumbani nitarudi kuichukua.

“Basi lala nayo weye. Mutoto wangu anabaki.”

Kaka akamtazama mkewe, akatazama tumbo lile. Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye choo cha shimo. Tulisikia jiwe likitumbukia.

Aliporudi, akamnyooshea mkewe mkono. Shemeji hakuushika.

“Kwanza nawa.”