Faida ya Mwaka Ujao

Chama cha mama yangu hukutana Jumapili baada ya kanisa, sebuleni kwake Umoja. Ni akina mama waliozeeka pamoja wakiuza nguo sokoni Gikomba. Kwao, mtu akitamka mbele ya wenzake kwamba mwezi ujao ataleta kiasi fulani, mweka hazina hukiandika papo hapo kana kwamba kimeshafika. Na hufika kweli.

Mwaka juzi walitaka kununua hisa za kampuni moja ya mabati. Mama naye, nje ya fungu la chama, akataka kuongeza akiba yake yote ya kupasuliwa goti. Goti hilo lilikuwa limemfikisha mahali pa kushuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Alisema hisa zikipanda atatibiwa na bado abaki na kitu. Mimi ni karani kwa dalali wa hisa mjini, kwa hiyo niliitwa nieleze.

Nilieleza. Hisa moja iliuzwa shilingi ishirini. Mwaka uliopita kila hisa ilileta faida ya shilingi moja, kwa hiyo mnunuzi alikuwa analipia faida ya miaka ishirini. Ghali hiyo. Lakini wakuu wa kampuni walitarajia shilingi nne mwaka ujao, na ishirini ukigawa kwa nne unapata tano. Kwa hesabu hiyo ya pili, hisa zilikuwa za bei ya kutupa.

"Si basi tununue?" mwenyekiti akauliza.

"Hiyo nne bado haijapatikana, mama mwenyekiti. Ni makadirio. Faida ikibaki moja, mtakuwa mmelipia ile miaka ishirini."

"Hiyo nne waliisemea wapi?"

"Kwenye mkutano wa wenye hisa."

"Mbele ya watu?"

"Ndio, mbele ya watu."

"Basi ahadi ni deni," akasema, na wenzake wakapiga makofi. Hoja ikapita.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimfuata mama jikoni nikamsihi chama kinunue kikitaka, lakini pesa za goti aziache benki. Usiache mbachao kwa msala upitao, nikamwambia. Akanicheka.

"Wewe umesoma mpaka ukaogopa faida. Watu wazima na suti zao, watadanganyaje mbele ya kadamnasi?"

Akanunua. Kwa miezi kadhaa bei ilipanda kidogo, na kila nikienda kwake nilitaniwa. Kisha asubuhi moja kazini tangazo likatoka: kampuni ilikuwa inaonya kwamba faida ingekuwa chini sana kuliko ilivyotarajiwa. Kufikia adhuhuri hisa ilikuwa inauzwa shilingi nane, na hata kwa bei hiyo wanunuzi hawakuonekana. Jioni nilikwenda Umoja moja kwa moja, nikipanga maneno makali njia nzima.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia ile shilingi nne haiji, na pesa za goti nyingi zimekwenda.

Akauweka ungo chini. Kisha akauliza, "Nani amekufa?"

Sikumwelewa.

"Huko kwa kampuni. Kuna matanga? Ama mkubwa wao amelazwa?"

Ndipo nikaelewa. Katika chama chao, mwanamke anayekosa kuleta alichotamka huwa amefiwa au anauguza, na wenzake humwendea na sukari na unga kabla hawajamuuliza lolote. Mama alikuwa ameshainuka kwa shida na kuchukua leso yake, akitaka kujua ofisi ya kampuni iko wapi ili ampigie simu mwenyekiti wa chama wapange siku ya kwenda.

"Hakuna aliyekufa, mama. Mabati hayakuuzika walivyodhani."

"Wote ni wazima?"

"Wote ni wazima."

Akakaa tena, akaunyoosha mguu kwa mikono miwili.

"Na hawakutuma mtu aje atuambie?"

Hasira yote iliniisha, nikabaki na uchungu tu. Nikamwambia, "Nimekuja mimi."