Mhadhara wa Mwanzo Uliochelewa Kuanza

Mji mzima ulimwita Kipaza, na jina lake halisi lilibaki kwa mama yake tu. Siku za kawaida alitengeneza redio na spika katika kibanda kilichobanana na duka la mkewe, mshonaji wa mapazia. Siku za sherehe alivaa suti ya buluu, akashika kipaza sauti, na hapo hapakuwa na wa kumzima. Alijua kumsifia bwana harusi mpaka bwana harusi mwenyewe akatamani kuonana na mtu huyo.

Wachache walijua kwamba utotoni alikuwa mtu wa maswali. Siku moja darasani aliuliza, "Mwalimu, kabla vitu vyote havijaanza kulikuwa na nini?" Mwalimu akamsimamisha kwa mguu mmoja mpaka jibu limjie. Jibu halikuja, kengele ya kwenda nyumbani ndiyo iliyokuja. Tangu hapo akaona ni salama zaidi kusema kuliko kuuliza.

Halmashauri ilipotangaza kwamba mwanasayansi mashuhuri wa nyota atakuja kueleza jinsi ulimwengu ulivyoanza, Kipaza aliikubali kazi ya usherehesheaji kabla hajaombwa.

"Safari hii nitauliza, mama watoto," alimwambia mkewe huku akiipiga pasi suti.

"Wewe uulize?" Mkewe alicheka, pini amezibana mdomoni. "Ukishashika kile kidude, mwenzako hapati hata nafasi ya kukohoa!"

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Mwanasayansi, mama mwembamba mwenye miwani, alifika mapema akaketi na kompyuta yake mapajani. Lakini mgeni rasmi, mwenyekiti wa halmashauri, hakuwa ameingia, na bila mgeni rasmi hata ulimwengu haukuwa na ruhusa ya kuanza. Kipaza akavuta muda. Akawatambulisha waliokaa meza kuu, kisha waliotamani kukaa meza kuu, kisha mwenye viti vya kukodi. Mwenyekiti alipoingia, watu wakasimama, wakaketi, wakasimama tena kwa sababu alikuwa amesahau simu garini, akarudi kuifuata mwenyewe.

Akaomba kusema machache tu. Hayo machache yakaula mhadhara, yakabakiza makombo. Alimalizia kwa kuwahakikishia wananchi kwamba ulimwengu ulianza vizuri, na halmashauri yake itauendeleza.

Mwanasayansi hakununa. Alieleza kwamba zamani mno vyote tunavyoviona vilikuwa vimesongamana katika joto lisilosemeka, kisha vikaanza kutanuka, na mpaka leo vinatanuka. Hata chuma kilichomo katika damu yetu, alisema, kilipikwa ndani ya nyota zilizokwisha kufa. Watu wakainamia mbele wasikie. Mwenyekiti mwenyewe aliweka simu chini.

"Sasa na joto lote hilo, zimamoto walikuwa wapi?" akauliza mama mmoja kutoka nyuma.

"Maji yenyewe yalikuwa hayajapatikana, mama."

"Kumbe kama mtaani kwetu!" Watu wakaangua kicheko.

Kipaza akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Daktari, samahani, hili ni langu mwenyewe. Kabla ya hapo kulikuwa na nini?"

"Sijui," alijibu mwanasayansi, bila haya yoyote. "Kwa sasa hakuna anayejua. Huenda hata neno 'kabla' halina kazi pale. Lakini ndilo swali linalonitoa kitandani kila asubuhi."

Kipaza alikuwa na maneno ya shukrani kwa kila aina ya jibu, isipokuwa hilo. Akanyamaza. Fundi wa umeme akakimbilia nyaya, akidhani chombo kimekufa. Kumbe mwenye chombo amesimama pale, machozi yanamlengalenga, amefurahi kama mtu aliyeambiwa kwamba hakukosea kuuliza.

Mwenyekiti akaipata nafasi. Akakinyakua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mmesikia! Mnaniuliza kila siku maji yatarudi lini. Ikiwa sayansi yenyewe haijui, sisi ni nani?"

Makofi yakaanza. Kipaza, kwa mazoea tu ya kufafanua maneno ya wageni, akachukua kipaza cha akiba. "Kwa faida ya walioko nje, Daktari amesema hajui ila anatafuta. Mheshimiwa, ninyi mnatafuta wapi?"

Kicheko kilichofuata kilimsindikiza mwenyekiti mpaka mlangoni.

Halmashauri haikumwita tena. Badala yake, ofisini kwao likazuka jibu jipya: ukiulizia faili lako, unaambiwa halijulikani liliko, utafiti unaendelea.

"Umepoteza kazi za wakubwa kwa swali moja," mkewe alimwambia kibandani, akimmegea mkate. "Ila nimeelewa kitu. Ulimwengu haukuwa na mshereheshaji, ndiyo maana ulianza kwa wakati."

"Unanisema mimi?"

"Nimemsema nani? Haya, huyo mama alisema bado vinatanuka. Vinatanukia wapi sasa?"

Kipaza aliweka bisibisi mezani. Mteja aliyefuata redio yake aliwakuta wanabishana, mke ametandaza pazia aonyeshe mkunjo unavyofunguka, mume anapinga, akisema pazia lina ukingo, je, ulimwengu nao unao. Mteja akavuta stuli, akaketi, akasema yeye anadhani ulimwengu hauna ukingo.